Geji Ikipanda Si Injini Kupona

Jamani, huu mchezo wa kuweka washa nyuma ya springi utatumalizia magari!

Kuna mzee mmoja wa Kengeja, kule kusini ya Pemba, bado ana Land Rover yake Series III. Gari hiyo iliacha kuundwa mwaka 1985, lakini ndiyo inayombebea karafuu na ndiyo inayomlisha. Geji ya oili ikaanza kushuka kila injini inapopata moto. Akaambiwa dawa ni mbili: atie washa kwenye valvu ya kuachia presha, au anunue pampu kubwa zaidi.

Washa zikatiwa. Asubuhi, injini ya baridi, mshale ukapanda kuliko zamani, watu wakapongezana. Mchana, gari ishapata moto, mshale ukarudi pale pale. Hivi tulikuwa tunapongezana kwa lipi?

Pampu haizalishi presha, wadau. Pampu inasukuma oili tu. Presha inakuja pale oili inapobanwa kwenye nafasi finyu za beringi za krenki na kemshafti. Beringi zikilika nafasi inapanuka, oili inachuruzika, presha inaanguka. Na presha ikishakuwa ndogo ile valvu imefunga zamani, kwa hiyo ukiikaza springi unakaza mlango uliofungwa! Unachopata ni presha ya kupindukia wakati injini baridi, basi.

Pampu kubwa nayo? Geji itapanda kidogo, ndiyo, na ugonjwa utafichika vizuri zaidi. Kwenye injini hii ya 2286 cc, pampu inazungushwa na gia ndogo ya kemshafti, na gia hiyo hiyo ndiyo inazungusha distribyuta. Ukiibebesha mzigo ikakatika, umekosa oili na umekosa moto wa plagi kwa pamoja, na uko njiani na magunia.

Kinachotakiwa ni kupima. Kitabu cha injini hii kinataka presha ya 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa ya moto, gari ikienda maili 30 kwa saa. Ikipungua, shusha sampu. Safisha chujio. Fungua pampu, pitisha fila geji kati ya meno ya gia na bodi, kisha kati ya gia na kifuniko. Kifuniko kimechimbika? Kisugue kwa msasa laini juu ya kioo mpaka kinyooke. Springi iwe ya urefu wake wa asili. Unapoirudisha pampu ijaze oili kwanza, isianze kazi kavu. Pampu ikiwa nzima, basi mgonjwa ni beringi, hakuna njia ya mkato.

Najua nitaambiwa: wewe mtu wa magazeti, gereji umeifuata nini? Na beringi ni ghali. Sawa, lakini krenki ni ghali zaidi, na muuza washa hatakuwepo siku inapokatika. Kinachoniudhi hasa ni kwamba Kengeja hiyo hiyo ina skuli ya sekondari ya ufundi, miaka nenda miaka rudi, halafu mtaani injini bado zinatibiwa kwa kubahatisha!

Juzi mzee kaniuliza anunue pampu gani. Nimemwambia asinunue kitu. Atoe zile washa, ashushe sampu, kisha tuzungumze.