Bibi Aliyegoma Kwenda Songea

Ndugu msomaji, sisi tulio wafanyakazi wa mijini hatusafiri na jamaa zetu wote ila kwa mambo matatu: harusi, msiba na Krismasi. Mwezi Februari 2024 nilipata kusafiri na familia nzima, bibi na wajukuu, kwa jambo lisilokuwamo katika hayo matatu, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta nafasi ya kukusimulia.

Nilikuwa likizoni kwa dada yangu huko Nalasi, wilayani Tunduru, upande wa kusini kuelekea mto Ruvuma. Mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Asili yake ni Mngoni wa jirani na Peramiho, naye amelelewa katika Ukatoliki kama walivyolelewa wazazi wake. Majirani zake walio wengi ni Wayao na ni Waislamu, na wanaishi naye kwa wema. Mwaka ule korosho zake zilikuwa zimempa fedha kidogo, akaamua kwamba watoto wake watatu lazima waione Songea tarehe 27 Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe hiyo mwaka 1906.

Aliyempinga ni mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 82, ambaye hapa nitamwita Bibi kama wanavyomwita wajukuu zake.

"Mwanangu," alisema tukiwa tumekaa barazani baada ya chakula cha jioni, "hao unaotaka kuwapelekea watoto wangu ndio waliochoma kanisa. Tena sasa ni Kwaresima. Mtakwenda kutazama ngoma katika Kwaresima?"

Shemeji yangu alinyamaza. Si kwamba hakuwa na jibu, bali mtu hambishii mama yake mbele ya watoto.

Hoja ya Bibi ilikuwa na mizizi. Misheni ya Peramiho ilianzishwa na Wabenedikto mwaka 1898, na aliyeianzisha ni Padri Cassian Spiss, ambaye baadaye alifanywa askofu. Agosti 1905, askofu huyo alikuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho akiwa na mabruda wawili na masista wawili, na wote watano wakauawa na wapiganaji katika nchi ya Liwale. Septemba yake moto ulifika Peramiho kwenyewe. Babu yake Bibi alikuwa mtoto wa shule hapo misheni, mwenye umri wa miaka 12 hivi. Aliukimbia moto ule, na aliporudi alikuta majivu. Hadithi hiyo Bibi aliipokea kutoka kinywani mwa babu huyo, na huisimulia kama aliyeuona moshi kwa macho yake.

Lakini babu yule alisimulia pia jambo la pili, ambalo Bibi hulitaja kwa sauti ya chini. Wapiganaji walichoma kanisa. Waliochoma maghala ya nafaka na mashamba ni askari wa serikali ya Kijerumani waliokuja baadaye, nao walifanya hivyo makusudi ili njaa imalize kile ambacho risasi hazikukimaliza. Wadogo zake wawili babu yule walikufa kwa njaa hiyo. Wanahistoria wanakadiria kwamba vita ile na njaa yake viliua watu tangu 75,000 hadi 300,000.

Bibi alikubali kwenda usiku wa kuamkia safari, kwa sharti moja: baada ya Songea apelekwe Peramiho kusali. Nadhani alikubali kwa sababu hakutaka wajukuu waende huko pasipo yeye kuwapo wa kuwaeleza upande wake.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri kwa gari la kukodi aina ya Noah, watu saba, na kapu la mihogo ya kuchemsha, mayai, chapati na chupa mbili za chai. Yeyote aliyepita barabara ya udongo ya Nalasi mwezi Februari hahitaji maelezo yangu. Tulikwama mara mbili. Mara ya pili walitoka vijana waliokuwa wakienda shambani, wakavua kanzu na viatu, wakatusukuma hadi tukatoka. Walipoulizwa ni kiasi gani walikataa fedha, wakasema mtusalimie mashujaa. Bibi aliyasikia hayo, akatazama pembeni.

Kutoka Tunduru mjini ni lami. Ni barabara iliyokamilishwa katika miaka ya 2010, nayo imeifanya safari iliyokuwa ya siku nzima, na wakati wa mvua ya siku mbili, kuwa ya saa chache. Tulipita Matemanga, tukapita Namtumbo, msitu wa miombo ukiwa kijani pande zote. Watoto walilala. Kadiri tulivyopanda, hewa ilipoa, na jioni tukaingia Songea, mji unaoitwa kwa jina la mmoja wa walionyongwa, Nduna Songea Mbano.

Asubuhi ya Jumanne tulifika mtaa wa Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Hapo ndipo lilipo kaburi la pamoja, na kando yake, mbali kidogo, kaburi la Songea Mbano. Katika viwanja hivyo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023 mbele ya wajukuu na vitukuu wa Songea Mbano, miezi minne tu kabla ya safari yetu. Ukoo huo ungali ukilitafuta fuvu la mzee wao, ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani.

Hotuba za sherehe sitazirudia. Hotuba za sherehe zafanana. Wazee wa Kingoni waliingia na ngao na mikuki, na lizombe ikachezwa hata vumbi likatutimkia ingawa ardhi ilikuwa na unyevu. Ulipofika wakati wa wazee kufanya mila zao kaburini, Bibi alishika rozari yake, akaondoka akakae chini ya mti. Dada yangu alimfuata. Shemeji alibaki na watoto, na niliona hakujua atazame wapi: kaburini au mtini.

Mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 13, alikuwa na daftari. Alikuwa akinakili majina ya mashujaa, maana wanaokumbukwa hapo ni 67, naye alitaka ayapeleke yote shuleni. Alipofika kwa Nkosi Mputa Gama aliuliza kwa nini mtawala mkubwa namna ile alikubali kanisa lichomwe. Shemeji akamweleza, na mimi nikajifunza hapo, kwamba kabla ya vita padri mmoja wa misheni alikuwa amechoma kibanda cha Mputa cha mahoka, yaani mahali alipowaheshimu wazee wake waliokufa.

"Kwa hiyo padri ndiye alianza kuchoma?" kijana aliuliza.

"Alianza," baba yake alisema. Kisha akaongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya mama yake zaidi ya mtoto, kwa kuwa alipandisha sauti hadi ikafika mtini. Alisema kwamba kabla ya kunyongwa, padri wa Kibenedikto aliingia gerezani kuwafundisha wafungwa, na wengi wao, Mputa akiwa miongoni mwao, wakabatizwa. Wapo waliokataa.

Bibi aliinuka. Alikuja polepole akiegemea bega la dada yangu. "Walibatizwa?" aliuliza. Katika miaka 82 hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Walibatizwa, Mama."

"Kwa hiari yao, au kwa kuogopa kamba?" kijana akadakia. Mama yake alimkemea, lakini Bibi alimzuia kwa mkono. Swali lilikuwa halali. Mtu aliyefungwa na anayejua atakufa kesho, nani awezaye kuupima moyo wake? Bibi hakujibu, na mimi pia nisingejibu. Alisimama mbele ya kaburi kwa muda mrefu, rozari mkononi, na mvua ikaanza.

Kesho yake tulimtimizia sharti lake. Peramiho iko mwendo mfupi magharibi ya Songea, na kanisa kubwa la abasia laonekana kabla hujafika. Baada ya misa Bibi alikwenda ofisini kuandikisha nia ya misa, akatoa noti zilizofungwa kwenye ncha ya khanga.

"Kwa ajili ya marehemu nani, Mama?" kijana wa ofisi aliuliza kwa heshima.

"Wale wa Mahenge. Walionyongwa."

Kijana aliandika: mashujaa wa Majimaji. Bibi akamwomba afute. Alisema waliobatizwa walibatizwa mmoja mmoja, na waliokataa walikataa mmoja mmoja, hivyo aandike majina. Akamwita mjukuu wake alete daftari.

Mjukuu alilifungua. Mvua ya jana ilikuwa imemkatiza. Yalikuwamo majina 23 tu.

Dereva alitazama saa, akatazama mshale wa mafuta. Shemeji yangu alitoa fedha zilizokuwa zimebakia za korosho, akazihesabu, akampa. Gari likageuzwa kurudi Songea.