Petley's ya Lamu: kuta zina sheria, matumizi je?

Ukishuka jetini Lamu na kuifuata barabara ya pwani, utapita mbele ya majengo mawili jirani: jumba la makumbusho na Petley's Inn. Ukiingia ndani kidogo hadi Mkunguni, utaikuta Ngome. Majengo haya matatu yana mengi ya kutufunza wakati huu ambapo mji wa kale unabadilika mbele ya macho yetu.

Ngome ilikamilika mwaka 1821. Waingereza waliigeuza jela, na tangu 1910 hadi 1984 watu walifungwa humo, mbele ya uwanja ambao wazee wetu hukaa kupiga soga. Leo Ngome iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, ina maonyesho na maktaba. Jumba la makumbusho nalo lilikuwa makao ya maofisa wa kikoloni. Mwaka 1971 likafunguliwa kuwa makumbusho ya maisha ya Waswahili. Nyumba ya mtawala ikawa nyumba ya kuhifadhi milango, siwa na vyombo vya waliotawaliwa.

Petley's ilifuata njia nyingine. Jina lake ni la Percy Petley, Mwingereza aliyeweka makao Lamu zama za ukoloni akafungua nyumba ya wageni. Mwenyewe alikufa zamani, jina likabaki. Kwa miaka mingi darini pake palikuwa na baa, na Petley's ikajulikana kuwa miongoni mwa sehemu chache sana mjini ambapo bia iliuzwa waziwazi, katika mji wa misikiti na Maulidi.

Kwangu mimi Muislamu pombe ni haramu, na hilo sitalijadili hapa. Ninachotaka tukiangalie ni swali ambalo hata asiyekuwa Muislamu anapaswa kuliuliza: nani huamua jengo la mji wa kale litumike kwa kazi gani?

Lamu iliingia katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Kenya ina sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Ukitaka kuvunja daka au kuongeza ghorofa utaulizwa, na ni sawa uulizwe. Lakini ulinzi huo umeelemea zaidi kwenye mawe, boriti na milango. Nyumba inaweza kuhifadhiwa vizuri sana kwa nje, na ndani yake maisha yaliyoijenga yakawa yamehama.

Na yanahama kweli. Nyumba ya mawe ya matumbawe ni ghali kuitunza. Chokaa, boriti na fundi anayeijua kazi hiyo vyote vinataka pesa. Familia yenye warithi wengi na kipato kidogo hushindwa, nyumba huanza kuvuja, kisha anakuja mnunuzi mwenye uwezo. Hakuna aliyevunja sheria, lakini mtaa umepungukiwa na watu. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lianze kazi mwaka 2021, hamu ya ardhi na majengo ya eneo hili haitarajiwi kupungua.

Wapo watakaosema utalii ndio riziki ya vijana wetu, na mgeni asipopata anachokitaka atakwenda kwingine. Hoja hiyo ina uzito. Nahodha, mpishi na mwongoza wageni wote wana watoto wa kulisha. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini atapona vipi ikiwa mwenyeji mwenyewe hayupo tena mtaani? Mgeni hufunga safari kuja Lamu kwa sababu Lamu ina watu wake, adhana zake na vibaraza vyake.

Habari njema ni kwamba uamuzi uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Katiba ya 2010 iliweka leseni za pombe na mipango ya miji mikononi mwa kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi au cha kubadilisha matumizi autangazie umma, na mwenye maslahi anaruhusiwa kupinga. Tatizo ni kwamba tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza na kubandikwa mahali pasipopitwa na watu halimfikii mama wa Mkomani.

Kwa hivyo tuidai kaunti mambo mawili. Kwanza, maombi yote ya leseni na ya kubadilisha matumizi ndani ya mji wa kale yatangazwe kwa Kiswahili, misikitini na vibarazani, kabla ya kuamuliwa. Pili, pawe na mfuko wa kuzisaidia familia kukarabati nyumba zao, ili kuuza kusiwe njia pekee. Na sisi wenye nyumba tukumbuke kwamba wakfu bado upo, na mababu zetu waliutumia kuhakikisha mali haitoki mikononi mwa jamii.

Ngome ilitoka kuwa jela ikawa maktaba kwa sababu kuna watu walioamua iwe hivyo. Jengo lolote la Lamu laweza kubadilishiwa kazi tena, likawa zuri zaidi au baya zaidi kwetu. Tusipokuwapo uamuzi unapofanywa, tutausikia baada ya milango kufunguliwa.