Mwenye Mali na Mwenye Mapenzi

Wiki jana mpwa wangu alinijia barazani, uso umemkunjamana kama aliyefiwa. Nilipomdadisi akasema, "Mjomba, kuna mchezo nautafuta, kumbe wenyewe walikwisha kuupiga marufuku." Nikadhani asema mpira. Kumbe ni hii michezo ya video ya kwenye kompyuta. Nikataka kulijua jambo hilo, na nilipolijua nikaona latugusa hata sisi watu wa tungo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Metroid mwaka 1986, na wa pili wake ukatoka mwaka 1991. Bwana mmoja wa Argentina, Milton Guasti, aliyeupenda mno ule wa pili, akaketi kuufuma upya, picha na muziki, kwa muda upatao miaka kumi bila ya ujira. Wala hakujificha, vipande vya majaribio alivionyesha hadharani. Tarehe 6 Agosti 2016, siku Metroid ilipotimiza miaka 30, akautoa mchezo wake, AM2R, bure. Siku chache baadaye wenye mali wakaishika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na waliouweka mchezo huo kwenye intaneti wakatakiwa wauondoe. Mwaka 2017, Nintendo yenyewe ikatoa toleo jipya la mchezo ule ule.

Tusidanganyane: haki ni ya Nintendo. Aliyebuni ndiye mwenye chake, na mimi niliyewahi kusikia shairi langu likiimbwa arusini kwa jina la mtu mwingine sina ulimi wa kumtetea mwizi. Tena mchezo wa bure huweza kuharibu soko la ule wa kuuzwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwizi hulificha jina la mwenye mali, na mpenzi hulitangaza. Sheria huwapima wote wawili kwa pishi moja.

Waama, wazee wetu walijua kuwatenga. Takhmisi ni nini? Ni kuchukua utungo wa mwenzio, ukatanguliza vipande vyako vitatu mbele ya viwili vyake, ubeti ukatimia watano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatajwa kuwa ndiye aliyeufanyia hivyo utungo wa Liyongo. Je, Liyongo alipungukiwa? La hasha! Najua hapakuwa na soko la mamilioni hapo, lakini adabu ilikuwapo.

Lawama yangu ni moja, nayo ni wakati. Jahazi laundwa ufuoni, mwenye ufuo aliona likisimamishwa mataruma, likipigwa mbao, likikalafatiwa, naye kimya. Siku ya kulishua, watu wamekusanyika, ndipo aja kusema ufuo ni wake, jahazi livunjwe! Wako wasemao kuwa mwenye mali akinyamaza hupoteza haki yake. Hakimiliki haipotei kwa sababu mwenyewe alikuwa mpole. Basi neno la mapema lingemgharimu nini?

Na njia nyingine ipo. Sega, nayo ya Japani, ilizuia mchezo wa Streets of Rage Remake mwaka 2011, kazi ya mashabiki ya kiasi cha miaka minane, mara tu ulipotolewa. Lakini Sega hiyo hiyo ilimwita Christian Whitehead wa Australia, aliyeanza kwa kuunda michezo ya Sonic kwa mapenzi tu, ikampa kazi. Mwaka 2017, yeye na wenzake wakatoa Sonic Mania, ukasifiwa sana. Chanda chema huvikwa pete. Guasti naye alivikwa, ila kwa mkono wa mwingine: studio nyingine ilimwajiri, akashiriki kuunda Ori and the Will of the Wisps, uliotoka mwaka 2020.

Mpwa wangu nimemwusia: kabla hujatoa miaka kumi ya umri wako kwa mali ya mtu, piga hodi, na usipojibiwa, buni chako. Nao wenye nyumba, wakisikia hodi, waseme karibu au waseme la. Kimya si jibu.