Hesabu Kwanza, Oili Baadaye

Mimi ni mwalimu mstaafu, wala si fundi. Lakini jambo hili halihitaji spana ili lieleweke, linahitaji haki.

Hapa Sumbawanga kijana akikabidhiwa pikipiki mpya kwa mkataba, tajiri humdai hesabu tangu siku ya kwanza. Kijana afanyeje? Hupakia magunia, akapanda nayo mlima kutoka Muze, kule Bonde la Rukwa, hadi huku juu Ufipa. Ni kupanda yapata mita 1,000, na injini haijamaliza hata wiki.

Injini mpya bado inajifunza kazi. Ringi za pistoni hazijakaa sawasawa na ukuta wa silinda. Zinasuguana, na chembe ndogo za chuma huingia katika oili. Ndiyo maana vitabu vya pikipiki huagiza mwendo wa wastani na mzigo mwepesi mwanzoni, na oili ya kwanza imwagwe mapema, mara nyingi kati ya kilometa 500 na 1,000. Wako wanaoiacha ingurume kutwa imesimama, wakidhani ndiyo kuizoeza. La hasha! Mtoto wa darasa la kwanza hapewi mtihani wa darasa la saba, lakini pia haachwi akae bila somo.

Halafu oili ibadilishwe lini? Wengi husubiri iwe nyeusi. Rangi ni shahidi wa uongo: oili huweza kuwa nyeusi kwa kubeba masizi na bado ikafaa, au ikapendeza machoni hali nguvu zimekwisha. Wengine huongeza tu juu ya ile ya zamani, kama amiminaye maji safi katika mtungi wa tope. Kiwango kimo kitabuni, na kitabu hicho hicho husema kipunguzwe penye vumbi na mizigo mizito. Nani atathubutu kusema barabara zetu za vijijini hazina vumbi wakati wa kiangazi? Tena injini ya bodaboda hubeba yapata lita moja tu, na oili hiyo hiyo ndiyo ya gia na klachi. Mwenye gari jipya aliyeambiwa kilometa 10,000 asimfundishe hayo kijana wa pikipiki.

Nani alipe? Tajiri husema ni dereva. Dereva husema akinunua oili hesabu haitimii. Basi oili haina mwenyewe. Mkataba ukiisha, tajiri amekwisha kurudisha fedha yake na faida juu, naye kijana hurithi injini inayotoa moshi. Ikifa, watu hunong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Aibu iliyoje, katika mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa "tupa uchawi"! Iliyoiua injini ni hesabu.

Nasema hivi: mwezi wa kwanza hesabu ipunguzwe nusu. Gharama ya oili iwe juu ya tajiri, na kilometa za kuibadilisha ziandikwe katika mkataba. Tajiri anayekataa ajue kwamba anachokula si faida, bali ni mtaji wa mtoto wa mwenzake.