Mastaa Watatu Hawatoshi Zizi Moja

Wasee, leo naongea kuhusu Phoenix Suns, na najua kuna wenye mshaanza kucheka. Tulieni kwanza, hii stori inafika mpaka kwetu Mashuuru.

Tuanze na hesabu. Msimu wa 2024-25, kikomo cha mishahara cha timu ya NBA kilikuwa kama dola milioni 140. Suns walikuwa wanamlipa Kevin Durant kama milioni 51, Bradley Beal milioni 50 na Devin Booker milioni 49. Jumlisha. Ni 150. Watu watatu washapita kikomo cha timu nzima, na bado hujalipa hata mtu wa kuokota ribaundi.

Waliruhusiwaje? Kile kikomo si ukuta wa mawe, ni ua wa miiba, una mianya. Unaweza kukipita ukimlipa mchezaji ambaye tayari ni wako, ama ukibadilishana na timu nyingine wachezaji ambao mishahara yao inakaribiana. Hivyo ndivyo walivyomleta Durant Februari 2023, kisha Beal Juni mwaka huohuo. Shida ni kwamba mkataba wa ligi na wachezaji wa 2023 ulileta mstari mwingine huko juu, ambao msimu huo ulikuwa karibu milioni 189. Ukiuvuka, huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ndiyo umchukue mmoja mkubwa, na mtu huru kutoka nje unampata tu kwa ule mshahara wa chini kabisa. Yaani umejifungia ndani ya zizi lako mwenyewe.

Matokeo? Kushinda 36, kupoteza 46. Mchujo waliuangalia kwa TV kama mimi na wewe.

Watu wengi wanaishia hapo: "Mastaa watatu ni wengi, chukua wawili." Sawa, nakubali. Lakini kuna kitu hatuulizi. Hesabu ikishakataa, nani anaziba lile shimo?

Juni 2025 Suns walimpeleka Durant Houston. Kati ya vitu walivyopata ni nafasi ya 10 ya drafti, na kwa hiyo nafasi wakamchukua Khaman Maluach. Huyu ni wetu kabisa. Kazaliwa Sudan Kusini, kakulia Kawempe, Kampala, kachezea City Oilers ya Uganda na kaenda na Sudan Kusini Olimpiki ya Paris 2024. Siku ile nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

Halafu nikaangalia mshahara. Mchezaji wa drafti habishanii bei kivile, nafasi yake ndiyo inampangia. Nafasi ya 10 mwaka wa kwanza ni kama dola milioni 6. Mwezi uliofuata Suns wakaachana na Beal, na deni lake wakaligawanya kwa miaka 5, zaidi ya milioni 19 kila mwaka. Beal akaenda zake Clippers. Kwa hivyo mtu aliyeondoka anakula mara tatu ya kijana wetu aliyebaki kuruka.

Najua utaniambia milioni 6 za dola ni zaidi ya milioni 750 za Kenya, acha kulia kwa niaba ya tajiri. Ni kweli. Sisemi ana njaa. Nasema mastaa hutoshea kwa sababu kuna kijana mahali analipwa bei iliyopangwa kabla hajashika mpira, hata akicheza kama mkubwa. Tukisherehekea drafti tukumbuke pia hilo: vijana wetu ndio afueni ya bajeti ya watu wengine.

Na hii naijua kwa mwili. Ukame wa 2022 ulipopita huku kwetu, zizi la mzee lilibaki na ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole. Sisi tulikuwa watatu tunaosoma. Kaka alikuwa mwaka wa mwisho, dada mdogo alikuwa anaingia sekondari, mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo. Hakuna kikao kilichoitwa. Karo ya muhula wangu haikuja tu, na mimi nikaelewa. Nikarudi nyumbani, nikaanza kurekodi video na simu.

Sina kinyongo na mzee. Kikomo ni kikomo, ng'ombe mmoja huwezi kumuuza mara mbili. Kaka alimaliza, dada bado anasoma. Kilichonichoma ni kwamba kwa sherehe ya kaka kila mtu alishukuriwa, hadi fundi wa hema, na hakuna aliyesema ile nafasi ilitoka wapi.

Maoni yangu ndiyo haya. Ukiwa meneja wa timu ama mzazi mwenye zizi dogo, chagua, maana lazima uchague. Usijidanganye ati wote watatu watatosha, hesabu itakukamata tu kama ilivyowakamata Suns. Lakini ukishachagua, mwite yule uliyempunguza, umwambie macho kwa macho, na siku ya ushindi umtaje jina.

Mzee, najua dada hukuonyesha hizi posti zangu. Supa?