Mwana Asiende Ugenini Mikono Mitupu

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuuzwa, tulialikwa katika baraza ya ukoo mmoja hapa karibu na Mwanhuzi. Binti wa ukoo huo amefaulu mtihani wa kidato cha sita, na chuo kikuu kimempa nafasi ya kusoma fasihi kwa miaka mitatu, na vitabu vya Waingereza vimo. Baba yake mkubwa akasimama akauliza, "Je, vitabu hivyo vyatibu ng'ombe?" Watu wakacheka sana, binti akainamisha kichwa. Shauri likaahirishwa, wala ng'ombe wa nauli na matumizi hakuuzwa.

Sisi hatukucheka. Leo twataka kumjibu mzee huyo, kwa heshima zake zote. Tena twataka kuwajibu waalimu wenzetu wanaonena kwamba vitabu vya Waingereza ni minyororo ya ukoloni, yafaa vitupwe. Mzee na waalimu hawa hawapatani kwa neno lo lote ila moja: wote wataka binti yule abaki nyumbani. Nasi twasema wote wamekosa.

Tuanze na mzee. Ni kweli, kitabu cha fasihi hakitibu ng'ombe. Lakini hutufundisha jinsi watu wa taifa fulani wanavyowaza, wanavyoapa, wanavyodanganya na wanavyotubu. Afanyaye biashara na watu asiojua mawazo yao, huuzwa pamoja na pamba yake. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere, kisha Edinburgh, akahitimu huko mwaka 1952. Akiwa kiongozi wa watu wake alikaa akafasiri tamthilia za Shakespeare: tafsiri ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Je, mtu mwenye nchi nzima mabegani alikuwa akipoteza wakati? La, hasha. Alikiingia kitabu cha Mwingereza kama mtu aingiaye shambani, akarudi na mavuno, akawagawia watu wake kwa lugha yao.

Sasa waalimu wenzetu. Wao hupenda kutaja habari za Nairobi, jinsi mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walivyotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kile ifutwe. Habari hiyo ni ya kweli, walakini huisimulia nusu tu. Watu wale hawakusema vitabu vya Ulaya vichomwe. Waliuliza ni fasihi ipi iwekwe katikati, na ipi ikae kando yake. Wakajibu kwamba ya Afrika itangulie, pamoja na masimulizi ya wazee, kisha za wengine zifuate. Nao walikuwa na haki ya kuuliza, maana tangu mwaka 1949 hata 1963 shahada za Makerere zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, na kipimo cha fasihi kilikuwa cha huko.

Tena Waingereza wenyewe waliipita njia hiyo hiyo. Vijana wa Oxford kwa muda mrefu walisomeshwa Kilatini na Kiyunani, na vitabu vya lugha ya mama zao vikahesabiwa kuwa vya kujisomea tu. Huko London walipata profesa wa kwanza wa Kiingereza mwaka 1828, na Oxford haikufungua mafunzo ya shahada ya Kiingereza mpaka mwaka 1894. Basi hata wao walikaa muda mrefu wakisoma vya wageni kabla ya kuviheshimu vyao. Wala walipoviheshimu hawakuvichoma vile vya Kiyunani.

Kosa basi li wapi? Twaona li kwetu sisi tunaowatuma watoto. Tulipokuwa wanafunzi tulivikwa kipande cha ubao shingoni kwa sababu ya kusema Kiswahili, na kabla ya hapo tulichapwa kwa sababu ya Kisukuma. Mtoto aliyefunzwa hivyo akifika chuoni na kufunguliwa Shakespeare, ana nini cha kuweka kando yake ili apime? Hana kitu. Ndipo husujudu au hutukana, maana hawezi kulinganisha.

Mkumbukeni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani, aliyesoma seminari ya Rubya na kujua Kilatini. Elimu ya kigeni haikumpokonya kwao. Mwaka 1945 alimaliza kitabu kikubwa kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapaji. Alikigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafa. Miaka 35 kitabu kilingoja! Hayo hayakuletwa na wanaosoma vya Waingereza. Yaliletwa na sisi tusiothamini vya kwetu.

Na sisi Wakristo twamjua Danieli, aliyesomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo miaka mitatu, sawasawa na binti yetu. Hata jina alibadilishwa. Lakini aliondoka kwao akijua yeye ni mwana wa nani, kwa hiyo Babeli haikummeza.

Basi shauri letu ni hili. Waalimu wenzetu, uvueni ubao ule shingoni mwa watoto. Kiingereza kifundishwe kwa bidii, bila kumwaibisha mtoto kwa lugha ya mama yake. Nawe, mzee wetu, chuo hufunguliwa mwezi wa kumi, na jioni zingalipo. Mwite binti karibu na moto, umsimulie asili ya Wagika na Wagalu na mashindano yao ya ngoma. Umweleze habari za Ng'wanamalundi na za njaa mlizozipita. Mwambie aziandike. Hiyo ndiyo akiba yake ya safari, nayo haipatikani chuoni. Wewe peke yako waweza kumpa.

Kisha uza ng'ombe.