Nafsi Inayovutana Haitaki Kufokewa



Kijana akimwambia imamu, "Upande mmoja wangu unataka kuswali, mwingine umechoka kuishi," asiambiwe tu imani yake ni haba. Qur'ani yataja nafsi inayoamrisha maovu, inayojilaumu na iliyotulia. Miaka ya 1980, Richard Schwartz wa Marekani alianzisha tiba inayosikiliza kila upande wa nafsi, hata unaoharibu, maana nao unajaribu kukukinga na maumivu. Haya mawili si kitu kimoja, lakini yanasaidiana. Na kusikiliza si kutii.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai. Basi misikiti nayo isiaibishe. Imamu aombe dua, kisha amfikishe kijana kwa mshauri nasaha siku hiyohiyo. Afya ni haki yetu, Ibara ya 43. Tuidai!